Kibuyu Chenye Jina la Zuwena

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, ngoja nimfupishie haraka kabla hasira hazijanikaba tena kooni.

Mimi ni Adventina, mama Koku wa Sofu, Kibaha. Ninaotesha bangili. Umesoma vizuri: sichongi wala sisuki, naotesha. Nalima vibuyu kule Marui, Kisarawe. Kibuyu kikiwa bado kichanga nakivisha pete ya mwanzi shingoni, kikue kwa unene ninaoutaka mimi. Kikikomaa na kukauka, naikata ile shingo kwa msumeno mwembamba, napata bangili.

Mtu akitaka jina, nalichanja kwa sindano kwenye ngozi ya shingo hiyo, kibuyu kingali kibichi. Kidonda kinapona, kovu linavimba, jina linakua pamoja na kibuyu. Hata umeme ukikatika unalisoma kwa kidole.

Mume wangu Leodegar hajawahi kuniita fundi. "Mke wangu anacheza na vibuyu," ndivyo anavyowaambia wenzake wa ofisini. Nimezoea. Nilikuwa nimezoea.

Wiki jana niliwaacha pale wifi yangu Evaline, dada yake Leodegar, alipotaka kazi yangu yote iingie kwenye maonyesho ya wajasiriamali kwa jina la duka lake, mimi nibaki kuwa "mkulima wake". Nilimkatalia sebuleni kwangu, mume wangu akiwa ameketi katikati yetu anaangalia simu. Evaline akavaa viatu vyake mlangoni, akasema, "Sawa wifi. Utanikumbuka."

Haki ya Mungu, nimemkumbuka.

Lakini kabla sijafika huko lazima mumjue Zuwena, maana bila yeye mtaona mwenzenu nagombania vibuyu tu.

Zuwena ni binti wa marehemu Bi Zuleha, jirani yangu. Bi Zuleha alikuwa anaumwa, na mwenyewe alijua ugonjwa wake hauna kurudi nyuma. Vibuyu vilipoanza kutoa shingo akaniomba nimpeleke Marui. Nikampeleka. Akakalia kigoda shambani, akanipokonya sindano.

"Hiki nakichanja mwenyewe," akasema.

Akaandika ZUWENA. Mkono ulikuwa unatetemeka. Herufi Z aliiandika kama namba mbili, ndivyo alivyoiandika siku zote. Akamaliza, akapangusa maji ya kibuyu kwa upindo wa mtandio.

"Mama Koku, mwanangu akiolewa mimi sitakuwepo. Mvalishe hii. Mwambie nimemwandika mwenyewe, na jina litavimba. Akinikumbuka atanisoma kwa kidole."

"Usiseme hivyo, Bi Zuleha."

"Nasema hivyo hivyo. Niahidi."

Nikamwahidi. Hakukaa sana baada ya hapo. Tulimzika kibuyu chake kikiwa bado kinaning'inia kwenye uchanja wa fito shambani, kijani, kinaendelea kukua.

Na sasa Zuwena anaolewa. Siku ninayowasimulia, ndoa ni kesho yake. Bodaboda imenishusha Marui nichukue kibuyu kimoja tu, nikikate, nikisafishe, nikakivishe mkono wa mwenyewe.

Nikakuta uchanja mtupu.

Chini ya uchanja, lundo la vibuyu vilivyopasuliwa. Vipande vipande. Mahona amesimama pembeni na shoka mkononi, jasho linamtoka, haniangalii usoni.

"Mahona!" Nilipiga ukelele mpaka ng'ombe wake wakageuka. "Umefanya nini?"

"Si ulisema tuvichanje, mayu?"

Jamani.

Niwaeleze. Mahona ni Msukuma, "mayu" kwao ni mama. Alihamia Marui na ng'ombe wake na mkewe Rahabu, na ndio wanaoniangalizia shamba. Kwake yeye, kitu kinachochanjwa ni kuni. Mwaka wa kwanza nilimwambia, "Vichanje vile vya mstari wa mbele," nikimaanisha avichore kwa sindano. Mwenzangu akachukua shoka, akavipasua mstari mzima, akavipanga vizuri kabisa kando ya jiko.

Siku ile nililia, kisha nikacheka. Nikaenda kumsimulia mume wangu mezani, akacheka mpaka chai ikampalia. Evaline alikuwepo, akacheka zaidi yake.

Kwa hiyo niliposikia "si ulisema tuvichanje", damu ilinichemka. Mara ya pili! Na safari hii kibuyu cha marehemu kimo!

Nilimtukana Mahona. Sifichi. Nilimwita zuzu, nikamwita kichwa maji, nikamwambia angebaki na ng'ombe wake huko alikotoka kwa sababu hata ng'ombe akiambiwa mara moja anaelewa. Mtu mzima, baba wa watoto, anasimama anatukanwa uani kwake. Rahabu alikuwa mlangoni pa jiko, analia kwa kwikwi.

"Na wewe unalia nini?" nikamgeukia. "Ulikuwa wapi mumeo anapasua jasho langu?"

Rahabu akazidi kulia.

Nikapiga magoti kwenye lile lundo. Nilitaka hata kipande. Hata herufi moja ya Bi Zuleha, ningeitoboa tundu, nikaipitisha uzi, Zuwena akaivaa shingoni. Nikaanza kupekua. Kipande, kipande, kipande. Napapasa mgongo wa kila kimoja kutafuta kovu.

Hakuna kovu.

Nikapekua tena. Vyote laini. Na mimi msimu huu karibu kila kibuyu nilikiandika jina la mtu! Liko wapi jina la mwalimu wa Kisarawe? Yako wapi maua niliyochora kwa ajili ya wale mapacha?

Nikaokota shingo moja, nikaipima. Nene huku, nyembamba kule. Haijawahi kuvaa pete ya mwanzi hata siku moja.

"Mahona," nikasema, na sauti yangu yenyewe ilinitisha. "Haya ni mamumunye."

Akainamia shoka lake.

"Mahona. Haya ni mamumunye ya kupika, yamekaukia shambani. Vibuyu vyangu viko wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo hasira zilikuwa zimelifukia. Tangu ule mwaka wa kwanza sijawahi kulitamka neno "chanja" mbele ya Mahona. Kwake nasema "andika". Mahona, andika hiki. Mahona, usiandike kile. Nimesema lini tuvichanje?

Rahabu akatoka mlangoni, amejifuta machozi kwa mkono. "Mwambie!" akamfokea mumewe. "Mamumunye yangu ya mbegu umeyapasua yote, masika nitapanda nini? Mwambie, au namwambia mimi!"

Kumbe alikuwa analilia mbegu zake.

Mahona akaweka shoka chini. "Bosi alipiga simu mwanzoni mwa wiki," akasema.

"Bosi gani?"

"Baba Koku. Alisema dada yake anakuja na kirikuu, nimpakilie vyote. Vyote, mayu, hata vile vinavyokaukia kwenye kamba. Nikamwuliza, mama anajua? Akasema ya mama niyaache kwake. Akasema ukija nikwambie nimevichanja."

"Na wewe ukakubali?"

"Shamba ni lake kwenye karatasi za kijiji. Alisema nikikataa nihamishe ng'ombe."

Na Mahona, mtu ambaye siku zote hazungumzi zaidi ya anavyoulizwa, akaendelea.

"Nikamwambia, mama hawezi kuamini, mimi neno hilo nimeshalijua zamani. Akacheka. Akasema, ataamini tu, wewe Mahona ni Mahona." Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Na kweli, mayu. Uliamini."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwomba radhi, lakini radhi yenyewe niliisema nikiwa napanda bodaboda, maana miguu ilikuwa inanipeleka Sofu yenyewe.

Duka la Evaline liko barabarani, nguo mbele, urembo nyuma. Siku ile urembo ulikuwa mbele. Amenunua stendi mpya ya kioo, ameweka na taa ndogo, na ndani yake bangili zangu zimepangwa kwa ukubwa, zinang'aa. Juu ameandika: EVALINE ASILIA. BANGILI ZINAZOOTA.

Zinazoota! Hata neno langu kalichukua.

"Karibu wifi," akasema, kana kwamba nimekuja kununua sidiria.

"Vibuyu vyangu, Evaline."

"Vyako? Shamba la nani? La kaka yangu. Kaka yangu nani alimsomesha? Mimi. Sasa ukihesabu vizuri wifi, mimi nimechuma cha kwetu."

"Mbegu nimechagua mimi miaka yote hii! Pete za mwanzi nimekata mimi! Wewe hata hujui kibuyu kinavishwa pete kikiwa na umri gani!"

"Ndiyo maana nilikwambia uwe mkulima wangu, ukaleta nyodo." Akachukua kitambaa, akapangusa kioo. "Usinipigie kelele, nina wateja."

Hakukuwa na mteja hata mmoja. Nikasogelea kioo. Nikatazama bangili ya kwanza, ya pili, ya mwisho.

"Evaline, majina yako wapi?"

"Yale makovu?" Akakunja pua. "Nimeyapiga msasa. Yalikuwa yanatia kinyaa. Mteja wangu mmoja wa mjini aliuliza, hiki kibuyu kiliugua tetekuwanga? Sasa angalia zilivyo laini."

"Kulikuwa na moja..." Nikashika ukingo wa kioo. "Kulikuwa na moja yenye jina la Zuwena."

"Ile yenye mwandiko mbovu? Z kama mbili?"

"Hiyo hiyo! Iko wapi?"

"Si hii hapa." Akainua mkono wake wa kushoto. "Hii nimeipenda, ina umbo zuri. Nikadhani ni mtoto aliichezea."

Sikumbuki nilivyozunguka kaunta. Nakumbuka nimemshika mkono, naye anapiga kelele "Unaniumiza!", na mimi napapasa ile bangili kwa kidole gumba, nazungusha, napapasa tena. Laini. Laini kama yai. Nilikuwa namtafuta Bi Zuleha pale, na pale hapakuwa na mtu.

"Mwanamke huyu alikuwa anakufa!" nikamwambia. "Alikuwa anakufa, akatoka kitandani, akaenda Marui kumwandika mwanawe! Na wewe umemfuta kwa msasa ili bangili ing'ae?"

Nikaivuta bangili, ikapita kwenye vidole vyake, nikaitia kwenye mkoba wangu. Hakuifuata.

"Mimi sikujua ni ya marehemu," akasema, sauti imeshuka. "Kaka Leodegar naye alikasirika hivyo hivyo alipoiona jana. Lakini si ameshalimaliza? Jana hiyo hiyo amechukua nyingine, asubuhi ameipeleka mwenyewe kwa bibi harusi."

"Amepeleka ipi?"

Akaangalia pembeni. "Kamwulize mumeo. Mwenzio kakesha nayo."

Kwa shangazi yake Zuwena ni Mbwawa, nyumba mpya, turubai limefungwa uani, wanawake wamejaa, vigelegele mpaka barabarani. Leodegar alikuwa chini ya turubai na wanaume, soda mkononi, anacheka na bwana mmoja mwenye kanzu. Aliponiona alikata kicheko katikati. Akaweka soda chini, akanifuata mpaka kwenye korido.

"Mama Koku, tuongee kwanza."

"Niachie njia."

"Dada alikosea. Mimi mwenyewe nimemgombeza."

"Na simu ya Mahona? Aliipiga dada?"

"Yeye ndiye aliyenisomesha, Adventina. Alishawaambia watu wa maonyesho kuwa zile bangili ni zake. Angeaibika. Nilidhani ni vibuyu tu, vitaota vingine mwakani."

Vibuyu tu! Nilimwangalia mwanaume niliyezaa naye, nikatamani kumpiga na mkoba.

"Sikujua kuwa ile ya marehemu imo," akaendelea, ananong'ona. "Nilipojua, nikarekebisha. Msichana amefurahi, ingia umwone mwenyewe. Usiharibu shughuli ya watu. Tukifika nyumbani nitukane unavyotaka."

"Umerekebisha vipi?"

Nikampita.

Zuwena alikuwa amekaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, mikono yote miwili imepakwa hina mpaka viwiko, vidole amevitanua visigusane. Shangazi yake anampepea. Mapajani mwake, juu ya kanga mpya iliyokunjwa, kulikuwa na bangili.

"Shikamoo mama Koku!"

"Marahaba, mwanangu."

"Nilikuwa nawaambia, mama Koku lazima aje! Baba Koku ameileta tangu asubuhi." Macho yamemjaa machozi, na hapo hapo anacheka. "Sijaigusa bado. Nasubiri hina ikauke. Sitaki niichafue. Nataka nikiigusa niiguse na mikono misafi."

Nikainama kuitazama. Nilijua kabla sijafika karibu.

Z ilikuwa imenyooka. Mstari juu, mstari chini, mshazari katikati, Z ya mtu anayejaza mafaili kila siku. Na herufi zote zilikuwa nyeupe, mbichi, zimechimbwa kwenye kibuyu kikavu kwa kitu chenye ncha. Bisibisi, pengine. Kwenye kona ya N mkono ulikuwa umeteleza.

Mume wangu ameketi mahali, ameghushi mwandiko wa maiti.

Mwenzenu nilisimama pale nikawa sijui nianzie wapi. Nikisema ukweli, namvunja mtoto wa watu mchana wa hina yake, mbele ya shangazi zake wote. Nikinyamaza, ataivaa maisha yake yote, ataibusu akiumwa, atawaonyesha wanawe: huu ni mkono wa bibi yenu. Na utakuwa mkono wa Leodegar! Na mama yake yumo kwenye mkoba wangu, bubu, hana hata herufi.

"Hina imekauka," shangazi akasema. "Haya, mtoleeni."

Wakamkwangua hina, wakampangusa kwa mafuta. Vigelegele vikapigwa. Zuwena akaichukua bangili kwa mikono miwili. Hakuitazama. Akafumba macho, akapitisha kidole polepole juu ya jina, na wanawake wote wakanyamaza kumpisha.

Kidole kikafika kwenye Z, kikasimama.

Akakirudisha. Akapitisha tena, mwanzo mpaka mwisho. Kicheko kikamtoka usoni taratibu.

"Mama Koku."

"Naam."

"Mama aliniambia litavimba." Akafumbua macho, akaniangalia. "Alinisisitizia. Alisema, utanipapasa, nitakuwa nimevimba. Mbona hili limezama?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba, umeishika ile bangili nyingine, laini, ya kweli. Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Ilikuwa sauti ya mume wangu, ya upole, ile ambayo sijaisikia tangu anichumbie.

"Mwambie, mke wangu," Leodegar akasema. "Wewe ndiye fundi."